Mfupa Mwekundu wa Atai

Kok-Kyia, 12 Oktoba 2003

Gulzat mkamwana wangu,

Mifugo na roho zote ni salama huko? Huku roho ni salama, mifugo nusunusu. Ng'ombe mwekundu amezaa dume. Mbwa mwitu wamekula kondoo wa mzee Sagyn, na mkewe analia utadhani ameliwa yeye. Batma jirani ameoza binti yake wa mwisho. Nyama ilikuwa ngumu, nikala nikanyamaza. Goti langu ni lilelile.

Haya, salamu zimekwisha. Mtoto wangu yuko wapi?

Mumeo alisimama hapa mlangoni, kofia mkononi, akaniambia, "Mama, namchukua Atai mpaka theluji ya kwanza tu. Nesi wa Naryn amesema ni usonji, na Bishkek yuko mwalimu anayewajua watoto wa namna hii." Nikamwambia, "Taalai, mtoto ana miaka mitano, hasemi, hatazami watu, lakini anakula, analala, anaamka. Huyo mwalimu atamwongezea nini?" Akasema, "Mpaka theluji, Mama." Theluji imeanguka juzi. Nimetoka nje nikasimama ndani yake kama mjinga, naangalia barabara.

Mimi sikumwiba. Kifungua mimba wa mwanangu ni wangu, ndivyo tulivyokuta. Alipoacha ziwa mlimleta wenyewe, mkamweka kwenye mapaja yangu, kondoo akachinjwa, wazee wakala. Kwake yeye Taalai ni kaka mkubwa na wewe ni mke wa kaka. Neno lake ni moja tu duniani, Apa, na hiyo Apa, yaani mama, ni mimi.

Jana kisimani Batma ameniuliza mbele za watu, "Uulkan, mwanao ameenda kusomea udaktari?" Wakacheka. Nikamwambia ndiyo, akirudi ataanza kutibu mdomo wako.

Mleteni kabla njia ya mlimani haijafungwa. Barua hii anakuja nayo Kalyk, dereva wa lori la maziwa. Mpe chai.

Uulkan, mama yake


Bishkek, 4 Novemba 2003

Apa mpendwa,

Nakuinamia kutoka mbali. Goti lako linaendeleaje? Sisi tu wazima. Taalai bado anabeba mizigo sokoni, anasema mwaka huu biashara imelala. Chumba chetu kina joto. Mama mwenye nyumba, Tamara, ni mkali lakini si mbaya.

Atai hajambo. Anakula vizuri.

Nimempeleka kwa mwalimu Zuura. Apa, nilidhani nitakuta ubao na viti. Ni chumba kitupu chenye zulia. Mwalimu anavua viatu anakaa chini, mtoto akigeuka na yeye anageuka, mtoto akigonga ukuta na yeye anagonga, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Hamlazimishi kutazama wala kusema. Anasema mtoto kama Atai hatoki kwa kuvutwa. Unaingia wewe alipo, kwa mchezo wake mwenyewe, mpaka akuone kuwa upo. Na anasema anayetakiwa kuingia si yeye mwalimu, ni mama. Kila siku nyumbani, sakafuni.

Ameniambia, "Cheza naye kama mlivyozoea."

Kwa hiyo nilitaka kukuuliza, Apa, huko alikuwa anacheza nini?

Njia ya mlimani Taalai anasema imeshakuwa mbaya. Labda wakati wa machipuko.

Mkamwana wako,
Gulzat


Kok-Kyia, 23 Novemba 2003

Gulzat,

Roho salama. Dume la ng'ombe limekufa. Mke wa Sagyn amenyamaza.

Labda wakati wa machipuko. Nimeyasoma maneno hayo mpaka karatasi imelegea. Unajua mimi shule yangu ilikuwa kondoo. Herufi nilifundishwa na marehemu mkwe wako kwa mkaa juu ya ubao, na huwa nasoma polepole. Kwa hiyo naona hata yale mtu aliyotaka yapite haraka.

Unasema anakula vizuri. Anakula nini? Huyo hali kitu chenye mchuzi. Hali kitu kilichogusana na kitu kingine. Anakula kuruti, maziwa makavu ya chumvi, ninayoyaviringa mwenyewe, na tambi nyeupe zisizo na nyama. Hujaniomba kuruti. Sasa anakula vizuri kitu gani, hewa?

Na hili la pili. "Kama mlivyozoea." Wewe na Atai mmezoea nini? Ulipokuwa unakuja hapa ulikuwa unamimina chai na kufagia kama mkamwana mwenye adabu, na hukumpakata mbele yetu hata siku moja, kwa sababu hivyo ndivyo mkamwana anavyopaswa. Sikulaumu. Lakini huyo mwalimu umemwambia nani amemlea?

Alikuwa anacheza kama watoto wanavyocheza. Basi.

Natuma kuruti.

Uulkan


Bishkek, 29 Desemba 2003

Apa,

Nakuinamia. Barua yako ilikaa Naryn kwa ajili ya theluji, imefika juzi. Nimechelewa kujibu, si kwa sababu ya posta.

Atai hali kitu. Kuruti zako alizinusa, akala moja, akazitawanya nyingine akitafuta kitu ndani ya mfuko. Jioni, saa ya kukamua, anakwenda mlangoni anasimama. Nikimshika anapiga kichwa kwenye mbao. Nikimwacha anapiga vilevile. Ana uvimbe hapa mbele, naufunika kwa kofia tukitoka. Tamara amegonga ukuta, "We Gulzat! Huyo mtoto ana pepo au ana mama mvivu?" Na mimi mwenyewe sijui ni nani kwa Atai.

Sikumwambia mwalimu. Aliniuliza siku ya kwanza, "Wewe ndiye mama?" nikasema ndiyo, na si uongo, nilimzaa. Kisha akauliza anapenda nini, nini kinamchekesha, akiumia anakwenda kwa nani. Apa, nilijibu yote. Nilibuni. Ningesemaje? Mama gani hajui mwanawe anacheka nini? Basi ananitazama nikiwa naye sakafuni, anaona Atai ananikwepa kama kiti, na wiki iliyopita akasema kwa huzuni kwamba huenda mtoto huyu bado hajaungana na mtu yeyote.

Taalai alikuwepo akasikia. Tukirudi njiani akaniambia, "Umesikia? Hana mtu. Kama hana mtu, mahali popote ni sawa kwake." Ameshazungumza na nyumba ya serikali ya watoto wasiofundishika. Nafasi ipo. Yeye anataka kwenda Moscow kufanya kazi ya ujenzi, na anasema hawezi kuniacha na mtoto anayevunja kichwa kwenye mlango wa watu. Amenipa mpaka Nairuzi, mwaka mpya wetu wa Machi. Nairuzi ikipita hakuna badiliko, anampeleka.

Nilikwenda kuiangalia nyumba ile kwa nje. Wako dirishani, Apa. Wamekaa. Hakuna anayecheza.

Niambie mchezo wake. Nakupigia magoti.

Gulzat


Kok-Kyia, 20 Januari 2004

Gulzat,

Sina salamu.

Umenizika nikiwa hai. Nimemfuta yule mtoto kamasi, nimemtafunia nyama, nimelala naye kifuani alipokuwa na homa mpaka nikawa na homa mimi, halafu mbele ya mwalimu Atai hana mtu! Nilipofika hapo niliirusha barua yako jikoni. Ikaangukia kwenye majivu, si kwenye moto. Nikaiokota. Nikakutukana matusi ambayo siyaandiki, kisha nikakulilia, mpumbavu wewe, peke yako sakafuni na mtoto asiyekujua.

Ningekuja. Mlima umefungwa, na goti halikunjiki tena hata kwa kupanda punda. Ningekuwa na umri wako ningepita kwa tumbo.

Sasa sikiliza. Kesho asubuhi nenda kwa Zuura. Mwambie, "Nilikudanganya, ana mama kijijini, anaitwa Uulkan, na huyo ndiye anayemwendea akiumia." Usilainishe.

Na mchezo ni huu. Ukimwambia mtu yeyote wa Kok-Kyia nitakukana. Jioni nikishakamua nilikuwa nafunga mlango, nalala kifudifudi kwenye zulia la sufu, mimi mzee mzima ninayekalishwa mahali pa heshima kwenye karamu, nimelala kama kondoo aliyekufa. Atai anachukua mifupa yake, vile vifundo vya miguu ya kondoo ambavyo watoto wote hapa huchezea, anaipanga mgongoni kwangu, kutoka shingoni mpaka kiunoni. Haharakishi. Mimi sipumui sana. Akimaliza anakaa kimya. Hapo natikisa ngozi kama farasi anavyofukuza nzi, na mifupa yote inaanguka. Na yeye anainama, anakuja mpaka usoni kwangu, ananitazama. Machoni, Gulzat. Mara moja tu kwa siku. Nilikuwa naishi kwa ajili ya hapo.

Sikutaka kukuambia. Nilijua nikikuambia, atakuwa na mgongo mwingine.

Taalai aliiacha mifupa hapa, akasema mjini ni uchafu. Ninaituma ndani ya mfuko wake ule wa ngozi. Kalyk anavuka na watu wa farasi.

Mwambie mumeo namwandikia peke yake, akae akisubiri.

Uulkan


Bishkek, 17 Februari 2004

Apa mpendwa,

Nakuinamia. Ng'ombe mwekundu anaendeleaje? Taalai ana kikohozi. Kofia uliyofuma imemtosha Atai, na haitupi.

Nilimwambia mwalimu yote. Nilitaka zulia linimeze. Hakunifokea. Alishika kichwa, akasema, "Gulzat, umenifanya nimpime samaki nchi kavu." Kisha akasema neno ambalo nimelibeba mpaka leo: "Basi ana mtu. Mtoto aliyeweza kuwa na mtu mmoja anaweza kuwa na wa pili."

Mfuko ulipofika Atai aliutambua kabla sijaufungua. Alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nikafunga mlango, nikalala kifudifudi kama ulivyosema.

Hakuja. Alisimama juu yangu muda mrefu. Nilihisi kidole chake kimoja hapa shingoni, akakitoa. Kisha akachukua mfuko akaingia chini ya meza akaipanga mifupa kwenye ubao wa sakafu. Nilibaki nimelala pale, Apa, uso kwenye vumbi, nikajua kwamba mgongo wangu si mgongo.

Mwalimu anasema niache mchezo wako. Ni wako na wake. Anasema nikae karibu na meza, nisubiri aanzishe wa kwetu. Nauliza, na kama hataanzisha? Anasema, "Subiri vilevile." Rahisi kwake, yeye hana Nairuzi.

Na jambo jingine. Kila akipanga, anaacha pengo katikati ya mstari. Anaweka mifupa huku na huku, katikati hapaweki kitu. Anapaangalia, halafu ndipo anapopiga kichwa. Kuna mfupa uliopotea njiani? Kalyk anaapa hakufungua mfuko.

Gulzat


Kok-Kyia, 6 Machi 2004

Gulzat mwanangu,

Roho salama. Kondoo wanazaa, nalala zizini na nguo zangu. Mmoja amezaa mapacha akamkataa wa pili, namnywesha kwa chupa, ananifuata mpaka chooni. Batma ameanguka kwenye barafu, amevunjika mkono, mdomo uko salama.

Kalyk ni mtu mwaminifu. Usimsumbue kwa mambo ya mfuko.

Ndani ya barua hii nimekunja nyingine ya Taalai. Usimpe mkononi, ataitia mfukoni. Msomee kwa sauti, hata kama ni barabarani, hata kama watu wanaangalia. Mkamwana hampandishii mumewe sauti, najua, nilikufundisha mwenyewe. Leo nakufundua. Pandisha.

Kaa chini ya hiyo meza.

Uulkan


Bishkek, 28 Machi 2004

Apa,

Nakuinamia. Nairuzi imepita. Nitakuambia kama ilivyokuwa, hata sehemu itakayokukasirisha.

Wiki ile kabla ya sikukuu nilikuwa nasukuma unga wa tambi sakafuni, kwa kuwa Atai alikuwa chini ya meza na mimi sikutaka kuondoka karibu yake. Nikakunjua chapati kubwa kwenye kitambaa. Akatoka na mfuko wake. Akachukua mfupa akaukandamiza kwenye unga.

Najua, Apa. Unga ni unga, hauchezewi. Mkono wangu uliinuka wenyewe kumzuia. Kisha nikamkumbuka mwalimu anavyogonga ukuta mtoto akigonga. Nikaushusha mkono. Akaweka wa pili, wa tatu, mstari ukapita katikati ya chakula chetu cha jioni. Na akaacha pengo lake. Akapaangalia. Nikaona kichwa kinaanza kurudi nyuma kujipigiza, na sikuwa na mfupa wa kumpa, sikuwa na kitu. Nikatia kidole gumba changu pale kwenye pengo, nikakikandamiza, nikakiacha.

Alikitazama kidole. Akakigusa ukucha. Akafuata mkono, taratibu, kiwiko, bega. Akanitazama usoni.

Sikupumua. Kisha akanyofoa mifupa yote, akaanza upya, akaacha pengo, akangoja. Akangoja mimi, Apa. Nikaweka kidole. Jioni hatukula, Taalai aliporudi nikamwambia chakula kimeharibika. Hakuuliza.

Tumefanya hivyo kila siku. Lakini bado anapiga kichwa mlangoni saa ya kukamua, na bado hasemi, na Taalai aliyaona hayo tu. Siku ya pili baada ya Nairuzi alikuja na gari la rafiki yake. "Mvalishe." Nikasema ana mchezo mpya. "Mchezo! Gulzat, mtoto anaharibu unga na wewe unaniambia mchezo?" Akamnyanyua, Atai akapiga kelele mpaka Tamara akatoka na mwiko mkononi. Nikatoka nyuma yao barabarani bila viatu, nikafungua barua yako nikaisoma kwa sauti. Uliandika hivi:

"Taalai. Mwaka ulipomweka mtoto huyu mapajani mwangu, uliacha kuwa baba yake, ukawa kaka yake. Wazee walikula nyama yako wakashuhudia. Basi niambie, ni kaka gani anayempeleka mdogo wake kwenye nyumba ya watu wasio na watu, mama yao akiwa hai? Ukimpeleka, na mimi nipeleke. Nitakaa dirishani pamoja naye."

Tamara alisema tu, "Mungu wangu," akarudi ndani. Taalai alisimama. Rafiki yake akawasha gari, akazima, akawasha. Mwishowe Taalai akamshusha Atai kwenye theluji iliyoyeyuka, akaingia garini peke yake.

Amekwenda Moscow. Hakuniaga vizuri. Sijui kama atatuma kitu, sijui kama atarudi, Tamara amenipa chumba mpaka Mei tu. Naogopa sana, Apa. Lakini Atai amelala hapa, na mkono wake uko juu ya kidole changu, ndiyo maana mwandiko ni mbaya.

Gulzat


Kok-Kyia, 25 Aprili 2004

Gulzat mwanangu,

Mifugo salama, roho salama. Barabara imefunguka, tope mpaka magotini. Batma ameondoa bandeji. Yule mwanakondoo wa chupa anakula majani na amenisahau kabisa, hata kichwa hageuzi nikimwita.

Kwanza unga. Mimi nisingemwachia. Alikuwa anakuja kwenye unga wangu na mifupa yake mara nyingi, na mimi nilikuwa nampiga mkono, na hata leo angekuja ningempiga. Kwa hiyo mchezo huo si wangu, hakuupata kwangu. Ni wenu. Lakini nimekaa nikafikiri: siku ya Nairuzi sisi sote tunatia mawe kwenye chungu cha ngano, tunakoroga mpaka asubuhi, tunakula, anayekuta jiwe kwenye bakuli anaomba dua, na hakuna anayesema tumechezea chakula. Basi mwache aweke. Akimaliza, osha mifupa, pika tambi, kula.

Pili. Nimechinja. Nimemwita Sagyn na wazee wengine, nimewaambia, "Huyu niliyepewa, leo nampa Gulzat, awe mama yake, asiwe mke wa kaka tena." Sagyn akasema, "Uulkan, jambo hili halijawahi kufanywa." Nikamwambia, "Sasa limefanywa, kula nyama." Wakala. Basi mambo yamekwisha. Taalai akirudi atakuta yeye ni baba, apende asipende. Asiporudi, nyumba hii ina vyumba viwili na sufuria moja, na mwezi wa sita tunapanda malishoni. Huko hakuna Tamara wa kugonga ukuta. Mwalimu wako mwambie anione, sitampiga.

Tatu, na hili nimelizungusha tangu Januari. Hakuna mfupa uliopotea njiani. Uko hapa. Ni ule nilioupaka rangi nyekundu, mfalme, anayekaa katikati na wengine wakamlinda. Nilipofunga ule mfuko niliutoa nikautia chini ya mto wangu. Nilitaka kila akipanga akute mimi sipo. Nilitaka anikose. Halafu ukaniandikia anapiga kichwa pale penye pengo, na bado sikuutuma. Ulikuwa mkononi, nikaandika habari za kondoo.

Leo asubuhi Kalyk amepita, nimeufunga kwenye kitambaa nimpe. Nikasoma tena barua yako, pale penye ukucha. Nikamwambia Kalyk ngoja. Akangoja, injini inawaka, anapiga honi, "Bibi, unatuma au hutumi?"

Situmi. Nikiutuma, kidole chako kitakaa wapi?

Mkija sitatoka mlangoni. Nitakuwa nimewapa mgongo, nakamua, na nitakamua hata ng'ombe akiwa amekauka. Usimsukume aje kwangu. Mkae chini, mkunjue unga, apange. Akiacha pengo, weka kidole, na mimi nitasikia jinsi anavyonyamaza.

Mfupa nimeurudisha chini ya mto.

Uulkan, bibi yake